Gorogoro la Pili

Nyuma ya mlango wa jikoni, hapa Njiru,
mama huandika kwa makaa.
Si maneno. Ni mistari iliyosimama,
kila mstari gunia moja la mahindi
kutoka kishamba cha kando ya mto,
ambacho si chetu wala si cha mtu,
ni cha mto wenyewe mpaka kanjo wakumbuke.

Mwaka niliotoka jandoni: mistari sita.
Mwaka niliomaliza darasa la nane: mitano
na kijistari kifupi, kwa sababu nusu gunia
alipewa shangazi Kalekye,
na mama hapendi hesabu ya uongo.
Kisha mitatu. Kisha mitatu tena.
Kisha mmoja, umekolezwa kwa mkono mzito
kana kwamba unene ungeongeza debe.

Dalili ya mvua ni mawingu:
mwalimu alitusimamisha tuitikie.
Mwezi wa tatu mwaka huu mawingu yalikuja
kama maafisa. Yakasimama juu ya Dandora,
yakatazama, yakaandika,
yakaenda zao.

Mama alipanda tarehe kumi na tano,
kama alivyopanda mamaye.
Mbegu zikalala kwenye udongo mkavu
mpaka kunguru wakajua zilipo.
Akapanda tena. Mchwa.
Mara ya tatu hakununua; alichota
kwenye mfuko wa githeri ya Jumapili,
akasema, "Tutakunywa chai,"
akawa anazinywesha kwa mkebe, shina kwa shina.

Katika ukavu huo mke wangu akashikwa na uchungu.
Hospitalini Kayole muuguzi aliuliza jina
bila kuinua kichwa.
Kwetu binti wa kwanza ni nyanya yake mzaa baba,
hilo halina mjadala.
"Andika Syombua."
Hapo akainua kichwa. Kumbe ni wa Kangundo,
anajua maana: aliyezaliwa mvua ikinyesha.
Tukatazama dirishani sote wawili.
Vumbi. Mtu na mkokoteni wa maji,
mtungi shilingi hamsini.
"Mvua gani?" akasema.
Akaandika.

Siku kumi na tatu baadaye ilikuja usiku,
yote kwa mkupuo,
kama deni linalolipwa kwa matusi.
Haikunyesha, ilimwagwa.
Mto ukaingia shambani bila hodi,
ukatoka na maharagwe, ukatoka na jembe,
ukaacha kiatu cha mtu tusiyemjua.

Asubuhi mama alisimama ukingoni,
amevaa gambuti zangu.
Hakulia. Alihesabu kwa kidole
mistari ya mahindi iliyobaki: miwili,
ile iliyoegemea ua wa kanisa.
"Zamani tuliomba mvua," akasema.
"Sasa tuiombee nini, adabu?"

Mwezi wa nane tulivuna. Halikufika gunia.
Halikufika debe.
Mama akaleta gorogoro, akajaza,
akapangusa juu kwa kiganja
kama muuzaji anayemwogopa Mungu.
Akajaza la pili.
La pili halikujaa.

Siku hiyohiyo, kliniki, walimning'iniza mtoto kwenye mizani:
kilo sita na robo.
Mama akafikiri kidogo, midomo ikicheza.
"Gorogoro tatu na konzi," akasema,
"huyu amelipita shamba,"
akacheka mpaka wanawake wa foleni wakageuka,
na mimi sikujua kama ni kicheko
hadi kilipokwisha.

Leo mwenye nyumba anataka kuta zipakwe rangi.
Nimemaliza tatu. Nimefika nyuma ya mlango
na brashi inadondoka sakafuni.
Baada ya ule mstari mnene
mama ameweka, kwa mwaka huu, nukta.

Syombua mdogo amelala
mgongoni mwa mwenye jina lake.
Nje kumefunga, kuanzia Ruai hadi huku.
Siku hizi mawingu ni mawingu tu, sote twajua.
Hata hivyo namsikia mama uani
akianua nguo.