Gololi

Jikoni kwetu gololi haihitaji kusukumwa.
Iweke mlangoni, ondoa kidole,
nayo itajiendea chini ya meza,
ipite kati ya miguu ya baba
mpaka igonge jiko: ti.
Hiyo ndiyo fizikia yangu ya kwanza,
nikiwa na miaka minne, mjini Bytom,
juu ya makaa ya mawe yaliyokwisha kuchimbwa.

Kabati tumelitilia kigingi upande mmoja.
Mama akimimina supu husema
humu ndani supu peke yake ndiyo iliyonyooka;
sahani zimepinda, na sisi pia.

Ijumaa, saa sita kamili,
kidirisha cha kitivo kinafungwa.
Fomu ni karatasi moja, visanduku saba,
tia alama kimoja tu.
Nani alikadiria kwamba miaka arobaini ya mtu
itaenea ndani ya kitu kidogo kuliko ukucha?

Witek alijaza yake amesimama,
kwa kalamu ya kuazima: mitambo ya kujiendesha.
"Roboti hazigomi," alisema,
"na Wajerumani wanalipa kwa wakati."
Halszka kachukua umeme.
Anaota minara ya upepo katika Baltiki,
kupanda mita mia na kamba kiunoni,
yeye ambaye ngazi za maktaba humtia kizunguzungu.
Binamu yangu Roch alihitimu ujenzi;
leo anauza vigae vya bafuni.
Anauza vizuri, na hilo nalo liandikwe.

Mchagua jembe si mkulima, sawa.
Lakini mkulima gani hupewa jembe moja la maisha
kabla ya kuonyeshwa shamba?

Baba hakuniambia neno.
Kazi yake ni kupeleka hewa chini,
mita mia saba, kwa feni na milango ya mbao,
na mgodi umebakiwa na majira mawili ya baridi.
Kila jioni hupima upepo chumbani
kwa kidole kilicholoweshwa,
huziba ufa wa dirisha kwa gazeti,
kisha huketi.
Kisanduku cha uchimbaji kilikuwa cha kwanza juu.
Nilikipita kama mtu anayepita
mlango wa nyumba yenye msiba.

Jumatano alikuja mhandisi Gawlik,
mwanamke mfupi, buti zenye udongo mkavu,
hakuwa na picha wala projekta.
Alitoa jeki mfukoni, ndogo ya kuchezea,
akaiweka chini ya meza ya profesa.
"Nyumba nzima," alisema, "ghorofa nne.
Tunaikata kwenye msingi, tunapanga jeki thelathini,
tunainyanyua kwa unene wa karatasi, kisha tunasubiri.
Juu kule bibi mmoja alikuwa anasuka soksi.
Alituuliza saa ngapi tunaanza.
Tulikuwa tumemaliza."

Watu walicheka. Mimi nilishika daftari
kwa mikono miwili, kama trei.

Nilimfuata kwenye korido kumuuliza mshahara.
Akautaja. Si haba, si utajiri.
Akataja na matope, mvua ya Novemba,
majirani wanaoshtaki kwa sababu ya ufa wa zamani,
na usiku wa kuamka ukiwaza
kama ile namba ya kumi na saba uliikagua.
"Ukitaka kulala," alisema, "kasome vigae."
Hakumjua Roch. Ilinichoma hata hivyo.

Kisanduku cha sita: jioteknia.
Wino ulivuja kidogo nje ya mstari.

Nilirudi nikamweleza baba.
Alisikiliza hadi mwisho, mkono juu ya kabati,
kidole gumba kikipapasa palipo kigingi.
Nilidhani atauliza kuhusu mgodi.
"Jeki thelathini," alisema.
"Na bomba la gesi, mnalifanyaje?"
Sikujua. Nilikuwa na siku moja ya uhandisi.
"Kaulize hilo kwanza," akasema,
"halafu anza na nyumba ya Hubert, jirani.
Sisi huku tumeshazoea."

Akaiokota gololi karibu na jiko,
akaitia mfukoni.