Ritifaa

Mto Petteril umekula nusu ya bustani ya Doreen Tallentire
na mvua ya Carlisle haina haraka,
inanyesha kama mtu anayehesabu chenji.
Nimemwahidi kifaa cha kumwamsha:
waya mbili sakafuni mwa stoo yake ya chini,
transista moja, betri ya volti tisa,
spika ndogo kama kifungo cha koti.
Maji yakigusa waya, kipige kelele
kabla hayajafika kwenye friza.

Kwanza niijaribu saketi kwenye kompyuta.
Programu ya bure, ya wazi, imeshonwa na watu wasiojuana.
Faili nikaliita kwa kazi yake: king'ora.
Nikabonyeza. Dirisha likafumba.
Hata kwaheri.
Chini, kwenye skrini nyeusi, mstari mmoja:
programu imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Saa tatu usiku niliishuku kapasita.
Nikaing'oa.
Saa nne transista, nayo nikaing'oa.
Nikafuta programu, nikaiweka upya,
nikapanda toleo, nikashuka toleo,
nikapika chai nikaisahau,
hadi wakabaki betri na rezista mmoja, wakitazamana
kama wageni matangani wasiomjua marehemu.
Ikaanguka.
Nikawaondoa na hao. Karatasi tupu, saketi ya hewa.
Ikaanguka.

Hapo mtu huanza kujishuku mwenyewe.

Saa saba na nusu, kwa uchovu, si kwa werevu,
nikaihifadhi karatasi tupu kwa jina la jaribio.
Ikasimama wima, inanisubiri.

Basi nikaanza kuita majina kama mwalimu wa zamu.
Ngoma. Ikapita.
Ngazi. Ikapita.
Ngamia, na nundu yake, akapita.
Ng'ombe. Akaanguka mlangoni.
Ng'ambo.
Ikaanguka. Ng'ambo, ambako ndiko niliko,
na soksi mbili mbili miguuni.

Ritifaa! Kinukta chenye mkia,
hakina sauti yake, kazi yake kulishika neno puani.
Nikaufungua msimbo, mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Aliyeuandika alidhani alama ile ni mtu anayeanza kusema,
basi programu humngoja amalize,
inasoma mbele, inasoma mbele,
inaruka ukuta, inaingia uani kwa jirani
ikitafuta mwisho wa maneno ambayo hayakuanza.

Ningeweza kuandika kingora. Sekunde moja.
Nimekwisha kufanya hivyo sana:
benki wameniandika Mangenya, hospitali Mang Enya,
watu wawili, mmoja alipangiwa kung'olewa jino.
Nilitia saini zote.
Lakini hapa hapakuwa na kioo wala foleni.
Msimbo ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa na hasira kidogo.
Nikaongeza mistari minne,
nikaiunda programu upya, feni ikihema.

Alfajiri mchoro ukatoka:
wimbi la buluu, meno kama ya msumeno,
kilio kisicho na sauti bado.
Nikawatumia wenyewe marekebisho, na maelezo marefu
ya jinsi ng' inavyotamkwa, ambayo hawakuyaomba.
Jibu likaja kutoka Saskatoon, kwa mtu asiyelala kama mimi:
Mdudu huyu ana miaka kumi na moja kwetu.
Hakuna aliyewahi kumkanyaga.

Hakuna, au walikanyaga wakabadili jina.

Asubuhi nikapiga lehemu jikoni kwa Doreen,
moshi ukapanda kwenye pazia lake la maua, akavumilia.
Akauliza chombo kinaitwaje.
Nikamwambia.
Akalikata vipande viwili: King. Nora.
Akauliza Nora ndiye nani,
huku akidondosha chai yake juu ya zile waya mbili,
na hatukusikilizana tena.