Chavua Ndani ya Jokofu

Kati ya siagi na samaki wa moshi,
katika jokofu la Ishbel Galbraith, kijijini Tayvallich,
kuna vidonge visivyotibu homa.
Ndani yake, vumbi la ua la Machi
linangoja ua la Mei.
"Dume aliyewahi kuchanua," Ishbel huniambia,
"lazima afundishwe subira."

Mimi ndiye mkono wake sasa.
Mtoto wa jicho amemnyang'anya vitu vidogo,
na kazi hii yote ni vitu vidogo:
kulifungua tumba kabla halijajifungua,
kung'oa stameni kumi kwa kibano
bila kuigusa ile shingo ya kijani katikati.
"Hesabu kwa sauti," asema, "na kwa lugha yako."
Moja. Mbili. Tatu.
Mpaka kumi, ndipo brashi, ndipo lebo:
jina la mama, jina la baba, tarehe.
Katika daftari za kitalu mama hutangulia.
Niliipenda kazi hii kwa hilo tu.

Anataka kitu kimoja, amekitaka miaka arobaini:
rododendroni ya manjano, yenye harufu,
isiyouawa na jalidi ya Aprili.
Manjano yapo, kwenye miinuko ya Yunnan,
yamezoea theluji, hayanukii kitu.
Harufu ipo, kwenye mabonde ya Himalaya,
ua jeupe liotalo juu ya miti ya wenzake, mizizi hewani,
na baridi ya usiku mmoja huliua.
Mvua ya hapa inawafaa wote wawili.
Kwetu Makete pia kuna ukungu,
kuna udongo mchachu kama huu,
ila wa ukoo huu
hata mmoja hakuwahi kufika kwa miguu yake.

Jumamosi napanda msituni na msumeno.
Chini ya mialoni, pontikum imefunga giza,
na kuvumwani lililoning'inia kwenye magome tangu enzi
linakufa kwa kukosa mwanga.
Mabwana wenye majumba ndio walioileta,
iwafichie ndege wao wa kuwinda.
Tunakata, tunachoma, tunapaka dawa visiki.
"Hawa wageni hawa," akasema Struan, jasho likimtoka,
kisha akanitazama, akawa mwekundu mpaka masikioni.
"Mmea, namaanisha. Mmea."
Nikamwambia ashike upande wake wa msumeno.

Sikumwambia habari ya langoni kwa Ishbel,
ule mti mwekundu wa baba yake, wa mwaka thelathini na nane,
unaopigwa picha na kila mpita njia.
Umepandikizwa. Miguu yake ni pontikum.
Kila Juni, chini ya kovu,
hutoka chipukizi la zambarau,
kama mbebaji aliyechoka kusifiwa mzigo.
Huwa nalikata kabla ya chai.

Mwezi huu, katika miche mia mbili na kumi na miwili,
namba themanini na nne imefungua ua la kwanza.
Miaka tisa tangu mbegu, laini kuliko ugoro,
iliponyunyizwa kwenye trei.
Nikamshika Ishbel kiwiko, tukapita kati ya vyungu.
Akainama. Akakaa hapo.
"Ni manjano?"

Struan angesema ndiyo. Mamangu angesema ndiyo.
Ningeweza kusema ndiyo.

"Ni rangi ya ufizi," nikasema. "Na kingo zimekunjamana."
Mvua ikaanza, ikaacha.
"Nainusa, lakini."
"Inafika mpaka barabarani."
"Na jalidi ya tarehe kumi na sita?"
"Haikuunguza hata jani."

Akanyoosha mkono, akalipapasa ua
kama mtu anayepapasa kiraka cha nguo yake mwenyewe.
"Basi lete kibano," akasema. "Itakuwa mama."
Ana miaka themanini na mmoja. Sikufanya hesabu.
Nilihesabu stameni, kwa sauti,
naye akanifuata, moja, mbili, tatu, nne,
akakwama kwenye saba,
akanitaka nianze upya.