Sababu ya Kuwa Nje

Fomu imeacha mstari mmoja,
mfupi kuliko kidole changu cha shahada:
*Sababu ya kuwa nje saa za amri.*
Kalamu imefungwa mezani kwa uzi
kana kwamba nayo ingetoroka.

Niandike nini, Gharib?
Mtama hauumuki kwa tangazo la serikali.
Nakanda baada ya isha, donge lilale,
saa kumi tanuri liwe limeshika moto,
ili saa kumi na mbili, amri ikifunguka,
Langoni wakute mofa kwenye kitunga.
Tanuri liko ng'ambo ya kichochoro.
Hatua kumi na tisa.
Nilizihesabu juzi, maana ya kumi na moja
ilinikuta ndani ya tochi.

"Unaenda wapi, mama?"
"Kazini."
"Kazi gani ya usiku?"
Kijana wa watu, bunduki ikimtisha yeye kuliko mimi.
Kwao, labda, mkate hutoka dukani.

Usinifahamu vibaya. Na mimi naogopa.
Usiku ule milio ilipotoka upande wa bara
nilimfunga mjukuu mgongoni kwa leso,
nikakaa chini ya ngazi hadi kukapambazuka.
Lakini waliokuja na bunduki
hawakupanga foleni kuomba kibali.
Fomu hii haiwajui wao.
Inanijua mimi.

Kwanza ilikuwa siku thelathini, tuvumilie.
Tukavumilia.
Zikaongezwa thelathini, kisha nyingine,
kisha likaacha kutajwa neno siku.
Sasa kibali ni shilingi mia mbili kwa mwezi:
nanunua hatua kumi na tisa
ambazo jana zilikuwa zangu bure,
na risiti napewa, nishukuru.

Halafu mashine ya vidole.
Niliweka cha kulia, ikakataa.
Cha kushoto, ikakataa.
Miaka arubaini nabandika mofa ukutani mwa tanuri,
moto umezifuta alama zote.
"Haikuoni, Mama Tumu," ukasema.
Basi kama sipo, Gharib,
nani aliyemulikwa tochi?

Ukacheka. Nikacheka.
Kisha ukatazama nyuma, kwenye mlango wa bosi.

"Sheria si yangu, mimi napiga muhuri tu."
Najua, mwanangu.
Yule anamulika tu.
Yule wa Nairobi anatia saini tu.
Hapana anayefunga mlango,
na mlango umefungwa.

Marehemu Bunu alikuwa fundi wa milango.
Tajiri mmoja wa kigeni alimtaka atie komeo nje,
chumba cha mtumishi wake.
Bunu akakunja futi yake, akarudisha rubuni.
Komeo ni la ndani, akasema.
Likikaa nje, hiyo si nyumba, ni banda la kuku,
na hata kuku hupiga kelele.
Mwezi ule tulikula muhogo.
Sikumlaumu. Kidogo tu nilimlaumu.

Nimeandika: *mkate*.
Ukasema haitoshi, taja aina ya biashara,
namba ya leseni, mwajiri.
Nimeirudisha kalamu kwenye uzi wake.

Usiku huu nimevuka bila karatasi.
Si ushujaa. Donge lilikuwa limeshaumuka,
likimwagika sufuriani, halisubiri mtu.
Nilivua viatu. Hatua kumi na tisa,
na ya kumi na moja ilikuwa ndefu kuliko zote.

Saa kumi na moja, bado giza,
mlango wa tanuri ukagongwa na ukucha.
Nikazima pumzi. Nikasogelea.
"Mkate uko yeo, mama?"
Sauti ndogo, sauti ya ofisini bila ofisi.
Muda wa amri, Gharib, na huna kibali
maana vibali unavitoa wewe.

Nikatoa komeo, kwa ndani.
Nikamfungia mofa sita kwenye gazeti.
Sikumwuliza sababu.