Kipengele cha Saba

Mkataba wa chumba, hapa Uyole,
kipengele cha saba: *Mpangaji hatachimba uani.*
Basi sikuchimba.

Nilinunua ndoo za rangi, tupu, thelathini na mbili,
nikazitoboa vitako kwa msumari wa moto.
Pumba za mpunga zilikuja na lori la Ubaruku,
nikazichoma nusunusu, zikabaki nyeusi, nyepesi,
zinalia vidoleni kama chumvi ya mawe.
Maganda ya kahawa ya Mbozi yalikaa chini ya turubai
miezi mitatu, yakifuka asubuhi,
mpaka yakaishiwa hasira.
Magome ya msonobari niliyaponda mwenyewe.
Humo nikapanda stroberi,
pasipo chembe ya udongo.

Mwenye nyumba, Mzee Syabumi, alizizunguka ndoo,
mkataba mkononi, miwani puani,
anatafuta shimo.
Hakuliona.

Juni ikaja na baridi yake ya kung'ata masikio.
Nilizifunika kwa viroba, halafu kwa shuka langu la pili;
nikalala nimejikunja,
zenyewe zimejinyoosha.

Mama aliteremka kutoka Isyonje.
Akatia kidole ndoo ya kwanza, akakinusa.
"Hiki nini? Humu hata fuko hakai.
Kitu kisicho na udongo, Tusekile,
kitamjuaje babu yake?"
Nilicheka, nikaenda kuchota maji.

Wiki ya tatu baada ya Mama kuondoka
ndoo ya kumi na tisa ikaanza kulegea:
majani yanalala mchana, yanaamka jioni.
Siku ya nne hayakuamka.
Nikang'oa. Katikati ya mizizi
ukufi mmoja wa udongo mweusi, wa kwetu,
unanuka shamba la viazi,
bado duara kama ulivyofungwa pindoni mwa kitenge.

Jumapili akapiga simu.
"Zinaendeleaje?"
"Zinazaa. Nimeuza vikopo tisa Mwanjelwa."
"Zote zinazaa?"
Niliitazama ile ndoo, mdomo chini, inakauka juani.
"Ya kumi na tisa imezipita zote."
Akanyamaza. Kuku wake wakasikika nyuma yake.
"Nilijua," akasema.

Udongo ule sikuutupa.
Upo kwenye kopo la maziwa, dirishani, ndani,
mbali na stroberi;
mkataba haujasema lolote kuhusu dirisha.
Leo kuna kitu kimechomoza,
kijani, kimeinama kidogo.
Sikukipanda mimi.