Kibali Namba 47

Kanuni imeletwa kutoka bara, imepigwa chapa vizuri,
kurasa kumi na tisa, kila kifungu na mkia wake.
Kifungu cha nane: mchimbaji ataacha upenyo
wa mita mbili na nusu, magari yapite.
Nami nimesimama Mkomani, nyuma ya msikiti,
nimenyoosha utepe ukuta hadi ukuta:
mita moja, sentimita thelathini na tano,
na hapo nimeuhesabu na mfereji wa maji machafu.
Gari la kwanza kupita hapa bado halijaundwa.

Lakini kibali ni kibali. Nikajaza.
Mwombaji: kampuni ya nyaya za mtandao.
Kina: sentimita sitini. Siku: tatu.
Dhamana ya kurudisha njia ilivyokuwa: imelipwa.
Palipoandikwa *upana wa magari*
nikaandika *punda*, nikagonga muhuri.
Mkono ulinisuta kidogo. Chai ikaletwa, nikasahau.

Tsofwa na vijana wake walianza alfajiri,
tindo na sururu, kifusi juu ya baraza za watu.
Chini ya saruji, bomba la maji lisilojulikana na ramani;
chini ya bomba, waya wa umeme uliovishwa mpira wa baiskeli;
chini ya waya, bomba jingine, la chuma, kavu,
limekatwa huku na huku, halitoki kwa mtu wala haliendi kwa mtu;
na chini kabisa kipande cha kaure, buluu,
cha kikombe cha mtu aliyekunywa kahawa yake bila kuomba ruhusa.
Kila mja amechimba, amezika chake, ameondoka,
akapaka saruji kama apakaye poda juu ya kidonda.

Siku ya tatu ikawa ya tisa.
Famau aliwarudisha punda wake kinyumenyume, na mchanga mgongoni,
akitukana kwa adabu, bila kulitaja jina langu.
Mwanaesha aliuza viazi vya karai ng'ambo ya shimo,
sarafu zikiruka kwenda, chenji ikiruka kurudi.
Taa ya hatari, kifungu cha kumi na mbili, ilikuwapo:
ndoo nyekundu iliyofudikizwa.

Kisha Bi Mwanamize akafariki,
nyumba ya mwisho ya uchochoro, usiku wa Jumatano,
na maziko hayamngoji mkandarasi.
Jeneza lilitoka mlangoni likasimama.
Huku ukuta. Huku shimo.
Mwanawe, Bwanaheri, aliuliza, wala si kwa sauti:
"Ndia hini ni ya nani?"
Muhuri ulikuwa mfukoni mwangu.

Wanaume wakashuka mtaroni, ukingo ukiwafika mapajani,
likapita juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono.
Tsofwa, asiyemjua marehemu hata kwa kivuli,
alitupa sururu akaupokea mguu wa kushoto,
na chini ya nyayo zake nyaya mpya, za manjano,
zikisubiri kubeba habari.
Nikashuka na mimi, na viatu vya ofisini.
Alikuwa mwepesi.
Hilo halina kifungu.

Kesho yake niliazima utepe ule ule,
nikalipima jeneza lililoegemezwa uani mwa msikiti:
sentimita sitini na nane.
Nikakata *magari* kwa kalamu na rula,
nikaandika pembeni: *jeneza, na bega huku, na bega huku;
pasipowezekana, mbao imara, na mtaro usilale wazi.*
Mkuu wangu alisoma, akavua miwani.
"Hii si lugha ya kanuni."
"Ndiyo njia yenyewe ilivyo, bwana."
Karatasi imepelekwa bara. Haijarudi.

Jana nilikwenda kukagua, ili Tsofwa arudishiwe dhamana.
Pamefukiwa, pameshindiliwa, pamesawazishwa,
ila katikati, ndani ya saruji iliyokwisha kukauka,
alama ya ukwato mmoja wa punda aliyekosa subira.
Fomu inauliza: *Kasoro?*
Nimeandika: *Hakuna.*