Sawa

Makadara, chumba namba nne, saa nne na robo.
Feni ya dari ilikufa mwezi wa tatu, haijazikwa.
Mimi ndiye mkalimani. Nasimama kati ya kizimba na meza,
nalipwa kupokea neno kwa mkono huu
na kulitoa kwa mkono ule kabla halijapoa.

Kielelezo namba mbili ni cherehani.
Nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika ubavuni,
gurudumu limefungwa uzi mwekundu.
Waliikuta Kariobangi, chini ya kitanda cha Ndolo.
Ndolo anasema aliinunua Gikomba. Risiti?
Mheshimiwa, nani hupewa risiti Gikomba?

Bi. Kemuma, mshonaji wa sare za shule,
anaizunguka mara moja. Haigusi.
Hakimu anauliza kwa Kiingereza kilichopigwa pasi:
ni same, au ni similar tu?
Namgeukia: mama, ni ile ile, au inafanana na ile?
Anapangusa pua kwa ncha ya leso.
"Ni sawa," anasema.

Sawa!
Mama, umenirushia mpira wenye tope.
Sawa ni ndiyo. Sawa ni basi, yaishe.
Sawa ndiyo tunayomwambia mwenye nyumba
akipandisha kodi mlangoni, na mtoto analia ndani.
Sawa ni sikukusikia, lakini endelea.

Na ng'ambo ya ulimi wangu wamekwisha panga foleni:
same, ana kofia na mkanda, hataki utani;
identical, hatembei bila mwenziwe;
alike, ambaye sarufi ilimkataza kutangulia jina,
basi hukaa nyuma, mkiani mwa sentensi, akinyamaza;
na like, kibarua mfupi,
anafanya kazi ya wote na cheo hana.
Similar yuko mlangoni, mguu ndani, mguu nje.

Same ni miaka mitatu.
Similar ni nauli ya kurudi Kariobangi.

Nami nilipewa jina la babu yangu.
Mama aliponituma chumvi aliniita "baba".
Hakusema "kama baba". Nilikuwa na miaka sita,
kamasi hadi mdomoni, na nilikuwa baba yake,
akinichapa aliomba radhi kwanza.
Nimesoma kamusi tatu. Hakuna iliyo na neno la hilo.

"Mkalimani?" Kalamu ya hakimu iko hewani.
Ndolo hanitazami machoni. Ananitazama mdomo.
Naomba ruhusa nimuulize mama tena.

Bi. Kemuma anasogea, sasa anaigusa.
"Yangu ilikuwa na kikohozi," anasema,
"kila mzunguko wa saba."
Anashika gurudumu. Chumba kizima kinahesabu,
hata askari, midomo inamcheza:
nne, tano, sita,
saba,
nane.
Haikukohoa.

Anasimama pale, kiganja juu ya chuma,
kama anayepima homa ya mtoto.
"Labda ilipona," anasema.
Kisha, kwa sauti ya chini: "Ni sawa tu."

Nikasema similar.
Nilisema nusu sekunde kabla ya kuamua,
na hakimu akaandika, na wino hauna masikio.

Mchana Ndolo alitoka na cherehani begani,
uzi mwekundu ukipepea nyuma yake
hadi ng'ambo ya Jogoo Road.
Bi. Kemuma alisimama langoni akiufuata kwa macho,
na nilipopita, nikijifanya nina haraka,
alinishika mkono.
"Asante, mwanangu," alisema.
"Umesema vile vile nilivyosema."

Vile vile.
Nimefika nyumbani, nimevua viatu, chai imepoa,
na hilo nalo
sijui ningelitafsirije.